Fungu la Baba Mkunde

Lewisham, London
18 Agosti 1996

Mume wangu Protas,

Kabla ya yote nakusalimu, na binti yako anakusalimu kwa teke. Sisi wazima. Kitovu chake kimekauka vizuri, mashavu yamejaa mpaka akicheka macho yanapotea. Mimi mgongo bado unanisumbua, lakini maziwa yapo, tena mengi. Wewe je? Hilo goti lako limetulia? Na chakula cha huko unakiweza?

Naandika nikiwa nimempakata, kwa hiyo mahali utakapoona mstari umepanda juu ya mwenzake, ni Mkunde huyo, si mimi.

Mwezi uliosema utakaa huko unakaribia kuisha na hali ya humu ndani ni hivi. Mtori uliopika ukaweka kwenye friza uliisha zamani. Sasa ndizi ananiletea yule bibi wa ghorofa ya chini, Bibi Lydia, Mjamaika yule anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku chache baada ya wewe kuondoka alibisha hodi, akauliza mbona mtoto anasikika na mama haonekani. Unakijua Kiingereza changu, na chake nacho kina milima yake. Tumeelewana kwa sufuria. Aliponikuta namenya ndizi mbichi alipiga makofi, akashuka, akarudi na kichane kizima. Kumbe na wao wanazila! Ameniuliza mume yuko wapi. Nilipomwambia uko kwao Jamaika, alicheka hadi akashika ukuta. Anasema yeye alitoka kwenye milima hiyohiyo miaka arobaini iliyopita ili asiipande tena, na sasa mtu wa Afrika ametoka London kwenda kuipanda kwa raha zake.

Alikuja pia yule mama wa helthi vizita, muuguzi anayezungukia wazazi majumbani. Mtoto amempima, amefurahi. Halafu akaviona viatu vyangu pale mlangoni, vimeota vumbi. Akaniuliza, "Restuta, mara ya mwisho kutoka nje ni lini?" Nikamwambia ni siku niliyotoka hospitali. Akakaa.

"Mumeo amekukataza?"

"Hapana. Mume wangu yuko Jamaika, anapanda mlima."

"Basi nani anakuzuia?"

Nikatafuta maneno ya kumweleza, sikuyapata, nikasema lile nililokuwa nalo: "Namngoja mbuzi."

Ameandika kitu kirefu sana kwenye faili lake.

Ningemwelezaje? Kwetu Kibosho mzazi hukaa ndani miezi mitatu, analishwa, jiko haligusi, na siku ya kutoka hupewa fimbo kama mzee, anapelekwa sokoni, na watu wanamwimbia kama aliyerudi vitani. Na baba mtoto ndiye anayechinja, kila kiungo kikaenda kwa mwenyewe. Haya anayajua mama yako kuliko mimi, na ndiyo maana alikwambia kwenye simu nikisikia: "Protas, huko hakuna mkwe wala shangazi wa kumtunza mzazi. Mkwe ni wewe." Ukajibu, "Sawa, mama."

Nilikuruhusu kwa sababu niliuona uso wako siku ile Bwana Kishor, yule Mhindi wa Moshi mwenye kampuni ya kutembeza watalii, alipokuja kutoka Ilford, akasema anataka mtu wa Moshi aliyepanda kilele cha Kibo awaongoze wazee wake wa Kiingereza milimani. Kule ghalani Woolwich unakofanya kazi wanakuita "wewe". Siku ile ulikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Mimi si mbaya, Protas. Ila mwezi ni mwezi. Rudi, mkwe wangu.

Mkeo akupendaye,
Mama Mkunde


Penlyne Castle, Jamaika
29 Agosti 1996

Mke wangu mpenzi, Mama Mkunde,

Barua yako imenikuta mzima, na goti limetulia kabisa, nadhani linapenda hewa ya huku. Nimefurahi kusikia mashavu ya binti yangu. Mbusu kila upande.

Restuta, sijui nianzie wapi. Huku ni kama mtu aliimega Kibosho akaitupa baharini. Migomba ile ile, mibuni ile ile chini ya kivuli, ukungu ule unaoshuka saa ya mchana na kuingia jikoni bila hodi. Mlima wao wanauita Mlima wa Bluu na kweli ukiuona kwa mbali ni bluu. Kilele hakifiki hata nusu ya Kibo, lakini kinataka heshima yake. Nimewapandisha wazee wote, hata mama mmoja mwenye malengelenge miguuni, na tulipofika juu mawingu yakafunguka, bahari upande huu, bahari upande ule. Wakanipigia makofi. Mimi! Wenyeji hapa wananiita Chifu.

Kabla ya kupanda niliwatembeza mji wa Port Royal. Ulikuwa mji wa maharamia, wenye pesa na makosa mengi, ukapigwa na tetemeko nusu yake ikateleza baharini na watu wake. Ngome yake bado ipo, mizinga inatazama maji. Kuna nyumba moja iliyoinama kwa tetemeko jingine la baadaye, ukiingia ndani kichwa kinazunguka, unashika ukuta kama mlevi. Nimecheka nikakukumbuka, ungesema nyumba gani hii isiyojua kusimama.

Sasa mke wangu, jambo dogo. Bwana Kishor ana kundi jingine linakuja Septemba na hana mwingine wa kuliongoza. Ni wiki chache tu. Usikasirike. Nitarudi kabla hujatoka nje, na mbuzi utamwona.

Huku wanamheshimu mama mmoja wa kale, Nanny, aliyewaongoza watumwa waliotoroka wakaishi milimani wakapigana na Waingereza. Nimewaza, binti yetu tungempa na jina hilo. Unaonaje?

Mumeo,
Baba Mkunde


Lewisham
9 Septemba 1996

Protas,

Sisi hatujambo. Mtoto hajambo. Salamu zimeisha.

Naonaje? Naona una wazimu. Mtoto ana jina la mama yako, ulilitamka wewe mwenyewe hospitali huku machozi yanakudondoka kwenye blanketi la serikali. Sasa umepanda vilima viwili umeshalichoka? Hapa London nanny ni yaya wa watoto wa matajiri, watamcheka shuleni mpaka akimbie. Na huyo mama unayemsema, nimemuuliza Bibi Lydia habari zake. Amesimama wima jikoni kwangu alipomtaja, kama mtu aliye kanisani. Ananiambia mama yule aliwapandisha mlimani watoto wa wenzake mgongoni. Wewe umewapandisha wazee wenye malengelenge. Hamlingani.

Unasema wiki chache tu. Kwako ni chache. Humu ndani kuna kitanda, jiko, dirisha, na ukuta wa jirani anayegombana na televisheni. Natazama basi la kwenda Catford likipita. Juzi mtoto alipata homa, nikamvua, nikampangusa, nikamwimbia nyimbo zote ninazozijua mpaka nikaanza na za jeshi la kujenga taifa. Homa ilishuka yenyewe. Hukujua, siyo? Utajuaje, uko kwenye mawingu unapigiwa makofi.

Njeri, yule Mkenya wa kanisani, alikuja kunitazama. Ananiambia, "Dada, acha ushamba, shuka ukanunue maziwa. Nani atakuona?" Nikamwambia atakayeniona ni mimi. Akasema, "Haya, kaa na mbuzi wako." Amevaa viatu vyake akaenda zake anacheka. Wote wanacheka. Helthi vizita hacheki, anakuja sasa na mwenzake, na huyo mwenzake anatazama mikono yangu kama kuna alama za kamba.

Mimi sikai humu kwa ushamba. Nakaa kwa sababu hiki ndicho kitu pekee cha nyumbani tulichokipandisha kwenye lifti ya jengo hili tukakifungia mlango. Mila haina miguu, Protas. Inabebwa. Upande wako umeuweka chini.

Niandikie tarehe. Sitaki ukungu, nataka tarehe.

Mkeo,
Restuta


Port Antonio, Jamaika
22 Septemba 1996

Mpenzi wangu Restuta,

Pole sana na homa ya mtoto. Moyo wangu uliruka niliposoma. Lakini imeshuka, Mungu mkubwa, na wewe ni mama hodari, nilijua tangu siku ile nilipokuona ukipanda Umbwe na mzigo wa majani ya ng'ombe bila kushika kiuno.

Una haki ya kukasirika. Jina tuliache, ni Mkunde na litabaki Mkunde.

Tumevuka mlima tukashukia upande wa pwani, jimbo la Portland. Nimelifikisha kundi mpaka Moore Town, kijiji cha wajukuu wa hao hao waliotoroka utumwani. Mzee mmoja akatupigia baragumu la pembe ya ng'ombe, ndilo walilokuwa wakiitana nalo vitani toka kilele hadi kilele. Restuta, nywele zilinisimama. Nilimsikia babu yangu. Wazungu walipiga picha, mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Huku chini pwani bahari ina rangi ambazo sina majina yake. Kuna gofu la jumba moja kubwa ajabu, nguzo kama za Bunge, paa hakuna, mbuzi wanalala sebuleni. Watu wanasimulia kwamba tajiri mmoja alimjengea mkewe, mafundi wakachanganya saruji na maji ya bahari, na bibi arusi alipofika jumba likaanza kumdondokea. Akageuka akaondoka. Wasomi wanasema si kweli. Mimi nimekaa pale kwenye ngazi muda mrefu nikikuwaza wewe.

Tarehe bado haijanyooka kwa sababu ya mvua na mambo ya ndege. Nitakuandikia. Vumilia kidogo.

Akupendaye,
Protas


Lewisham
4 Oktoba 1996

Protas,

Leo amekuja Bwana Kishor.

Amekuja kwa wema, amebeba ladu, vile vitamu vya Kihindi vya samli, alizotengeneza mkewe Vasanti, wanazompa mwanamke anayenyonyesha. Anasema Vasanti alipojifungua Moshi naye alifungiwa ndani siku arobaini, mama mkwe analinda mlango. Tukacheka. Nilikuwa sijaongea na mtu mzima anayejua Kiswahili tangu Njeri. Mtoto akamshika kidole.

Halafu akaniuliza, huku anatabasamu, "Sasa mama, na wewe unaondoka lini?"

"Kwenda wapi?"

"Kumfuata Protas, bwana."

Nikamwambia Protas anarudi kundi likimaliza. Akanitazama. Kundi limemaliza, Protas. Wazee wako wako makwao wanakunywa chai. Bwana Kishor anasema ulimrudishia tiketi yako kwa barua ya mkono wako, ukamwambia, mimi nabaki, mke wangu anajua, atanifuata.

Mke wako anajua!

Yule mzee alitafuta viatu vyake mlangoni huku amevivaa. Aliona aibu, aibu isiyokuwa yake. Mlangoni akaniambia jambo moja tu: muhuri wa kurudi Uingereza ulio kwenye pasipoti yako unakufa mwisho wa Novemba. Ukipita hapo hurudi, utaanza upya kama mtu asiyejulikana.

Nilitaka kurarua barua zako. Mtoto alikuwa amelalia mkono wangu wa kulia, nikashindwa. Usidhani ni msamaha.

Restuta


Milima ya Portland, Jamaika
20 Oktoba 1996

Mke wangu,

Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka. Barua yako ilichelewa, mvua imeangusha kilima kikafunika barabara, posta inafika kwa punda na kwa bahati.

Ni kweli. Tiketi niliirudisha. Nilitaka kukuandikia nikiwa na kitu mkononi, nisikuandikie ndoto, kwa hiyo nikachelewa, na kuchelewa kukawa uongo. Sina la kujitetea hapo.

Kuna mzee anaitwa Basil. Ana nyumba ya wageni huku juu, vyumba vinne, veranda inayotazama bahari. Wapanda mlima wanalala kwake. Magoti yake yamekufa, watoto wake wako Toronto hawataki kusikia habari za matope. Aliniona nilivyowaongoza watu, akaniambia, "Chifu, kaa. Endesha nyumba hii na mimi nife nikitazama watu wakipita." Restuta, kuna shamba la kahawa nyuma, migomba, kijito. Kuna mahali pa ng'ombe. Naamka nikisikia jogoo. Nikifinya macho, sioni tofauti na kwa baba.

Ungeniona ghalani Woolwich. Hujawahi kuniona kule, sikutaka unione. Naweka maboksi juu ya maboksi chini ya taa nyeupe, nyumbani narudi sijaona jua limetoka wapi limezama wapi. Mimi niliyekuwa naijua hali ya hewa ya kesho kwa kunusa! Huku nimekuwa mtu tena. Nilitaka Mkunde amwone baba huyu, asimwone yule.

Njooni. Bwana Kishor atasaidia. Paa linavuja kidogo upande wa jikoni lakini nalitengeneza. Mbuzi huku wako kila mahali, nitachinja wa kutosha, utatoka nje ukiwa kwenye nchi inayofanana na yako.

Nisamehe, na unijibu haraka.

Mumeo,
Protas


Lewisham
2 Novemba 1996

Baba Mkunde,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa. Mtoto mzima, anashika miguu yake na kuishangaa. Mimi mzima pia. Wewe najua ni mzima, umeniandikia kurasa mbili za uzima wako.

Nimesoma barua yako nikalia, nikamsomea mtoto, nikalia tena, na sasa nimekauka, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Ungeniuliza, ningekuja.

Hilo ndilo linalonichoma. Ungekaa pale mezani kabla ya kuondoka ukaniambia, Restuta, London inanila, nataka mlima, ningefunga mizigo huku nampa mtoto ziwa. Mimi nilikufuata kutoka Kibosho mpaka nchi ambayo jua linaomba ruhusa. Nani alikwambia singekufuata penye migomba? Lakini hukuniuliza. Ulimwambia Kishor, ukamwambia Basil, nadhani hata mbuzi wa kwenye lile gofu walijua. Mimi nikaambiwa na mgeni, na mdomo wangu umejaa ladu.

Umeniandikia habari ya tajiri aliyejenga kwa maji ya bahari. Ulikaa kwenye ngazi zake ukaniwaza, ukainuka, ukaenda kuchanganya saruji yako na maji hayo hayo. Kweli umesoma kuliko mimi, Protas, lakini hata mimi wa darasa la saba najua nyumba inaanza kwa maji matamu.

Na usinisimulie tena uzuri wa njia za huko. Bibi Lydia nimemwonyesha jina la mahali ulipo. Amevua kofia. Anasema mama yake alishuka njia hizo na mikungu ya ndizi kichwani, usiku na mvua, mpaka bandarini Port Antonio, akirudi na mguu uliovimba. Anasema, "Mwambie mumeo, akifika penye kona yenye mwembe na chemchemi, avue kofia, mama yangu alijifungua kaka yangu pale akaendelea kutembea." Wewe ulikuwa mpagazi, Protas. Shingo yako ina alama ya kamba. Ilikuwaje ukaenda huko ukaona rangi za bahari tu?

Sasa ukweli wa nyumba hii. Miezi mitatu imeisha na bado nimo ndani. Ile miezi ilikuwa ya mila, hii ya juu ni ya hasira. Nilisema sitoki mpaka uje unitoe. Helthi vizita sasa wanakuja watatu. Nimempigia mama yako kwa kadi ya simu. Nimemwambia, mama, mwanao hayupo na mbuzi hana mchinjaji, na mimi nataka kugawa mwenyewe. Unajua vizuri kwetu mwanamke hagawi mbuzi. Nikasikia kuku wake tu. Nikadhani kadi imeisha. Halafu akasema, "Kata, mwanangu. Na la Protas liweke kando."

Basi Jumamosi tarehe kumi na sita Mahmood mwenye bucha ataleta mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, mzima, Bibi Lydia amemtisha asithubutu kumkatakata. Nitagawa mimi. Fungu lako litakaa kwenye friza ya Bibi Lydia. Jumamosi inayofuata nitatoka nje, na wewe au bila wewe. Friza ile inafunguliwa kila siku na wajukuu wake wana meno.

Kama ni kuja, njoo uniulize. Macho kwa macho. Huenda nikakubali huko kwenu kwa Basil, huenda nikakataa. Lakini uniulize.

Mama Mkunde


Kingston, Jamaika
19 Novemba 1996

Restuta,

Barua yako imenifikia jana, barabara ilikuwa bado imekatika, nimeshuka kwa miguu mpaka chini. Mwembe nimeuona na chemchemi. Nimevua kofia. Nimekaa pale nikaona aibu ambayo siwezi kuiandika.

Nimemwambia mzee Basil sina jibu mpaka mke wangu anipe. Amesema, "Ulipaswa kuanza na huyo."

Nimepata ndege. Natua London Ijumaa tarehe ishirini na tisa, muhuri ukiwa bado hai. Naja kukuuliza. Nisubiri kidogo tu. Fungu langu msiligawe.

Protas


Lewisham
24 Novemba 1996

Baba Mkunde,

Tumeamka salama, mimi na mtoto, na barua yako sijaiona. Labda iko njiani, labda haiko. Sikuingoja.

Mbuzi alikuwa mzuri. Nilikata mwenyewe, Njeri akishika upande wa pili, yule yule aliyenicheka. Bwana Kishor na Vasanti hawali nyama, walikuja wakakaa mlangoni wakala viazi na kunishangilia. Mama yako alitajwa, fungu lake akala Bibi Lydia kwa niaba. La kwako likaenda kwenye friza, na Bibi Lydia akawapiga wajukuu wake kwa macho wiki nzima.

Jana nimetoka.

Sasa na mimi nikuandikie kama unavyoniandikia. Nilivaa kitenge cha arusi, nikambeba Mkunde mgongoni, nikafuta viatu vumbi. Fimbo sikuwa nayo, nikachukua ile yako ya mlimani uliyoiacha nyuma ya mlango. Inanitosha. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo tulianza kwa kushuka. Nje upepo ukanipiga usoni, nikasimama. Bibi Lydia akanishika kiwiko. "Taratibu, binti. Mlima haupandwi kwa haraka."

Tukaingia sokoni. Hakuna aliyejua kuimba wimbo wa kwetu, basi Bibi Lydia akaanza wa kanisa lake, kwa sauti, katikati ya matango. Mwuza nyanya akauliza kuna nini. Bibi Lydia akamwambia, "Huyu ametoka vitani." Yule mwanaume akavua kofia, akanipa chungwa, akapiga kelele kwa wenzake, "Ametoka vitani huyu!" Soko zima wakapiga mayowe bila kujua vita gani. Nililia barabarani kama mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala.

Halafu sikutaka kurudi. Nikauliza hapa mlima uko wapi. Tukapanda, Bibi Lydia akipumzika kila benchi, tukavuka ile tambarare ya Blackheath penye upepo usio na adabu, mpaka bustani ya Greenwich. Kilima chao, Protas, Kibosho tungekiita tuta la viazi. Lakini kinataka heshima yake. Juu kuna mstari waliouchora Wazungu chini wakasema dunia inaanzia hapa. Watu wanapanga foleni kusimama juu yake. Na mimi nilisimama, mguu huku, mguu huku, Mkunde katikati. Unaona mto wote, na majengo, na meli moja ya kale chini. Bibi Lydia akanyoosha kidole: meli zilitoka kule chini, zikaenda kuchukua watu upande wa pili wa Afrika, zikawashusha kwao Jamaika, zikarudi hapa na sukari. Alisema hivyo akafungua mkoba wake, maana njaa ilimshika.

Fungu lako nilikuwa nimelipika Ijumaa, kwa chumvi na ndizi, na kulitia kwenye kopo la aiskrimu. Tulikaa kwenye nyasi pale kileleni, mimi na yeye, tukalila lote. Mtoto aliamka, nikamlambisha mchuzi kwenye kidole. Alikunja uso, akafikiri, akataka tena.

Lilikuwa tamu sana, Protas. Nilikuwa na hasira kila tonge na bado lilikuwa tamu.

Kama unarudi, lete mbuzi wako mwenyewe, na swali lako. Nitalisikiliza, jibu ninalo na si baya. Lakini ufunguo wako usiutumie. Bisha hodi. Na usipoitikiwa usishtuke ukadhani tumekuhama, keti kwenye ngazi usubiri. Tutakuwa tumetoka.

Restuta, Mama Mkunde